KUPANGA ORODHA YA VYUO: SOMO KWA WAZAZI NA VIJANA

Soma kwanza: Mhubiri 11:1-6 na Luka 14:28-30



Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo mwezi wa Julai, mtaa wetu huingia katika siku za furaha na fadhaa pamoja. Baada ya Misa wazazi hutushika mkono mlangoni pa kanisa na kutuuliza, "Mwalimu, mtoto amefaulu. Sasa aombe chuo gani?" Swali hilo ni jema, ila lina kosa dogo ndani yake. Linauliza habari za chuo kimoja. Leo twataka kujifunza kwamba kijana hahitaji chuo kimoja cha kuomba, bali orodha; tena orodha iliyopangwa kwa akili, yenye nafasi za juu, za kati na za chini.

Hatuandiki haya kwa sababu tumewazidi wengine maarifa. Twaandika kwa sababu tuliwahi kukosea, na kosa letu lililipwa na mtoto wa watu.

1. Kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kwaya yetu alikuja nyumbani na karatasi ya matokeo. Alikuwa amesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, akapata C mbili na D moja. Tangu utoto alitaka kuwa daktari. Tulimpongeza, tukamwambia asiyumbe: aombe udaktari, na udaktari tu, kwa maana mwenye imani hatazami nyuma. Akaomba vyuo vitatu, na katika vyote vitatu akaandika udaktari.

Awamu ya kwanza ikapita, jina lake halikuonekana. Awamu ya pili vilevile. Tulipogutuka na kumtafutia kozi nyingine, zile zilizomfaa zilikuwa zimekwisha jaa. Mwaka ule alikaa nyumbani. Kwaya ikakosa sauti yake ya besi. Tulipomwuliza mama yake, alisema kijana yuko shambani. Nasi tukajua kwamba si shamba, ni aibu. Lakini aibu ile haikuwa yake. Ilikuwa yetu. Alikuwa ametuamini, nasi tulikuwa tumeuita uvivu wetu wa kuhesabu kwa jina la imani.

2. Zamani na sasa

Huenda mtu akauliza, kwa nini sisi wazee tunatoa shauri la namna ile? Jibu ni kwamba tunawashauri vijana kwa desturi ya siku zetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Hadi mwaka 1984, kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, Tanzania ilikuwa na chuo kikuu hicho kimoja tu. Tena baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana alitakiwa kwanza kufanya kazi na kupata pendekezo la Chama. Palikuwa na mlango mmoja. Kwenye mlango mmoja hakuna haja ya orodha. Haja ni subira.

Siku hizi milango ni mingi. Kuna vyuo vikuu vya umma: Dar es Salaam, Sokoine, Mzumbe, Dodoma, Ardhi, Muhimbili na vinginevyo. Kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kuna vyuo vya madhehebu na vya watu binafsi, na miongoni mwao kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, cha Kanisa letu la Anglikana, kilichoanza mwaka 2007.

Utaratibu wa kuomba nao umebadilika. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia katika mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu mwaka 2017 kijana huomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, na Tume husimamia. Maana yake ni kwamba zamani Serikali ilimpangia kijana. Sasa yeye na wazazi wake ndio wapangaji. Wasipopanga wao, hakuna atakayewapangia.

3. Kustahili si kuchaguliwa

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo tuende polepole.

Katika matokeo ya Kidato cha Sita, A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kwa kawaida, ili kuingia chuo kikuu, kijana hutakiwa awe na ufaulu mkuu, ule ambao vijana huuita prinsipo, katika masomo mawili yanayohusika na kozi, na jumla isiyopungua pointi 4. Kozi nyingine hudai zaidi. Udaktari hudai Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, kila moja kwa alama isiyopungua D, jumla pointi 6. Tena zipo kozi zinazotazama hata alama ya Hisabati ya Kidato cha Nne. Basi mtu anaweza kuwa na pointi nyingi na bado akakosa sifa kwa ajili ya somo moja.

Yule kijana wetu alikuwa na 3 na 3 na 2, yaani pointi 8. Je, alistahili udaktari? Ndiyo, tena alizidi kiwango. Je, angechaguliwa? Hilo ni swali jingine kabisa. Kiwango cha chini ni kizingiti cha mlango; hakisemi ndani kuna viti vingapi wala ni nani wamekwisha kupanga foleni. Nafasi zikiwa chache, na waombaji wenye A na B wakiwa wengi, mwenye pointi 8 atabaki nje ingawa hana kosa lolote. Sisi tulisoma kizingiti, hatukuhesabu viti.

Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo wa udahili. Humo kila kozi ya kila chuo imeandikwa sifa zake, idadi ya nafasi zake na miaka yake ya masomo. Mzazi asiyejua kuusoma na amwombe mwanawe ausome kwa sauti. Kisha watafute mwanafunzi aliyeingia kozi hiyo mwaka uliopita wamwulize, "Wewe na wenzako mliingia na pointi ngapi?" Majibu ya watu watatu wanne huonyesha hali ilivyo.

4. Mahindi, mtama na muhogo

Mhubiri, katika sura tuliyosoma, anamfundisha mkulima apande asubuhi na jioni asilegeze mkono, kwa kuwa hajui ni mbegu ipi itakayofaa. Mafundisho hayo mkulima wa kwetu anayajua vyema. Hapandi mahindi peke yake. Mahindi ni mazuri, lakini yataka mvua njema. Kwa hiyo hupanda na mtama, unaovumilia jua. Na pembeni hupanda muhogo, unaokaa ardhini ukimngoja hata mwaka wa njaa. Hakuna amwitaye mkulima huyo mtu wa imani haba. Twamwita mtu mwenye watoto.

Orodha ya vyuo na iwe hivyohivyo.

(a) Mahindi ni kozi za juu: kijana anastahili, lakini wanaochaguliwa kwa kawaida humzidi pointi. Aombe, asiogope. Asiyeomba hapewi.

(b) Mtama ni kozi za kati: pointi zake zalingana na za wale waliochaguliwa mwaka uliopita.

(c) Muhogo ni kozi za uhakika: anazidi kiwango waziwazi, nafasi ni nyingi, na ada yake familia inaiweza.

Tuchukue mfano wa kijana mwenye pointi 8 za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Sehemu ya juu aandike udaktari Muhimbili au Dodoma. Sehemu ya kati aandike uuguzi au sayansi ya maabara, kwa kadiri atakavyoona katika mwongozo na kusikia kwa waliotangulia. Sehemu ya uhakika aandike kilimo, sayansi ya wanyama au sayansi ya vyakula kule Sokoine, au ualimu wa sayansi katika chuo kishiriki cha Dar es Salaam kilichoko Chang'ombe au cha Mkwawa, Iringa. Mambo haya ni mfano tu. Nafasi na viwango hubadilika kila mwaka, na kila mtu ahesabu kwa mwongozo wa mwaka wake.

Angalieni sana jambo moja. Mizani haipatikani kwa kuongeza majina ya vyuo tu. Kijana wetu alikuwa na vyuo vitatu, lakini alipanda mbegu moja katika mashamba matatu. Jua lilipowaka, yote yakanyauka siku moja. Mchanganyiko uwe wa vyuo na wa kozi pia. Kwa maoni yetu, vyuo vitatu hadi vitano, na katika kila kimoja kozi mbili tatu kwa kadiri chuo kinavyoruhusu, vyatosha. Zaidi ya hapo ni kutawanya fedha na mawazo.

5. Muhogo usidharauliwe

Kwa miaka mingi tulifundisha katika chuo cha ualimu. Kila mwaka tulipokea vijana, na katika juma la kwanza tuliwauliza, "Kwa nini umechagua ualimu?" Wengi walitazama chini. Hawakuuchagua. Walikuwa wamekosa kwingine, wakaokota kilichobaki. Wengine kati yao waligeuka wakawa walimu hodari, na Mungu asifiwe. Lakini wapo waliobaki na uchungu miaka yote, na uchungu ule wakaupeleka darasani, wakawamwagia watoto wa darasa la pili ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Kwa hiyo twasema: sehemu ya tatu ya orodha ndiyo inayotaka mawazo mengi kuliko zote, na ndiyo ambayo vijana huiandika kwa haraka dakika ya mwisho. Kijana na ajiulize mbele za Mungu, "Nikipata hii na si ile nyingine, je, nitaweza kwenda kwa moyo? Nitaweza kuwatumikia watu kwa kazi hii?" Kama jibu ni hapana, aifute, atafute nyingine. Kozi ambayo hutaki kwenda si akiba. Ni jina tu katika karatasi.

Wazazi nao wajichunge. Tukisema mezani kwamba fulani "ameishia" ualimu, au "ameishia" kilimo, tumemfundisha mtoto kuudharau muhogo kabla njaa haijafika. Mwenye shamba la ng'ombe anajua thamani ya mtaalamu wa mifugo usiku ng'ombe anaposhindwa kuzaa.

6. Kuhesabu gharama

Bwana wetu alizungumza habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu kama anazo fedha za kuumaliza. Wengi wetu huhesabu ada ya mwaka wa kwanza tu. Twaijua familia iliyouza kiwanja ikampeleka binti chuo cha binafsi kwa shangwe. Mwaka wa pili hapakuwa na kiwanja kingine cha kuuza, binti akarudi nyumbani na deni, bila cheti. Shahada ya ualimu huchukua miaka 3, uhandisi miaka 4, udaktari wa watu na wa mifugo miaka 5, na daktari wa watu huongeza mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Hesabuni miaka yote, pamoja na chakula, malazi, nauli na mafunzo kwa vitendo.

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwasaidia wengi. Lakini maombi ya mkopo ni safari nyingine, yenye fomu zake na siku zake. Kuchaguliwa na chuo si kupata mkopo, na aliyepata huenda asipate wote. Mkopo nao hurudishwa: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Basi katika orodha kuwe na angalau nafasi moja ambayo familia inaiweza hata mkopo ukikosekana au ukipungua. Nafasi isiyolipika haiwezi kuitwa ya uhakika, hata kama pointi zinazidi.

Nasi Waanglikana tuseme kweli. Chuo cha Kanisa letu tunakipenda na kukiombea. Lakini kijana asikiandike kwa ajili ya jina la Kanisa tu, wala asikidharau kwa kuwa ni cha kwetu. Akipime kwa mizani ileile: kozi, sifa, nafasi na ada.

7. Mambo ya kutenda

Kwanza, tayarisheni karatasi mapema. Cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, huhitaji kuhakikiwa na RITA kwa ajili ya mkopo. Msingoje matokeo.

Pili, baadhi ya vijana huwa kambini JKT wakati huo. Orodha ya awali ipangwe kabla hawajaondoka, kwa makadirio matatu: nikipata vizuri, nikipata wastani, nikipata vibaya.

Tatu, hakikisheni kwamba chuo na kozi vinatambuliwa na Tume. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya.

Nne, akiombewa katika duka la steshenari, kijana aandike namba ya simu yake mwenyewe au ya mzazi, si ya mwenye duka. Neno la siri aliandike daftarini. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja tu, ndani ya siku zilizotajwa, kwa namba ya siri anayotumiwa. Namba ikienda kwenye simu ya mtu mwingine, nafasi yaweza kupotea hivihivi.

Tano, aliyekosa pointi za kutosha asikate tamaa. Vyuo vya ufundi na vya afya hutoa stashahada, na mwenye stashahada nzuri huweza kuomba shahada baadaye. Njia ni ndefu, lakini ni njia.

8. Je, fisi alishindwa na nini?

Mzee mmoja alitupinga kwa methali: njia mbili zilimshinda fisi. Ni kweli. Lakini fisi alishindwa kwa sababu alitaka kuzipita zote mbili kwa wakati mmoja. Kijana wetu hatapita zote. Siku ya kuomba anaulizia njia. Siku ya kuthibitisha anachagua moja na kuzifunga nyingine. Na yuko mwenzake fisi, mchagua nazi, ambaye mwishowe hupata koroma. Tusimwige fisi, wala tusimwige mchagua nazi.

Yule kijana wa kwaya mwaka uliofuata tuliketi naye jioni nzima, mwongozo ukiwa mezani. Udaktari aliuandika tena, juu kabisa. Akaukosa tena. Lakini akapata sayansi ya maabara, sehemu ya kati, akaenda kwa moyo. Leo anafanya kazi katika maabara ya hospitali, na akiwa likizo huimba besi kama zamani. Siku moja tulimwomba radhi. Akatujibu, "Mwalimu, udaktari ningeukosa hata kwa orodha. Ila nisingepoteza mwaka." Maneno hayo hakuyasema kwa uchungu. Ndiyo maana tumeona yatupasa kuwaandikia somo hili kabla matokeo hayajatoka.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika Umoja wa Mama

1. Kuna tofauti gani kati ya kuwa na imani na kukataa kuhesabu?
2. Katika orodha ya mtoto wetu, ni nafasi ipi tunayoweza kuilipa miaka yote bila mkopo?
3. Je, tumewahi kuidharau kazi fulani mbele ya watoto wetu? Tutatengenezaje?
4. Ni vijana gani wa mtaa wetu wamebaki nyumbani mwaka huu, na nani atakwenda kuketi nao?

Tuombe: Ee Mungu, uliyemgawia kila mtu kipawa chake, uwape vijana wetu macho ya kuiona kazi uliyowawekea, sisi wazee utupe unyenyekevu wa kushauri kwa hesabu na kwa upendo, na wale waliokosa nafasi usiwaache wajione wamekosa kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.